Mpira wa Darini

Morogoro, 9 Machi 1913

Kwa Mjomba wangu Dadi, Dar es Salaam.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzima, na naomba barua hii ikukute na wewe mzima. Mama hajambo. Ameniagiza nikuambie kwamba mahindi yanaendelea vizuri kule juu, kwamba yule mbuzi wako mwekundu amekufa lakini alizaa kwanza, na kwamba huu ni mwaka wa nne hajauona uso wako. Hilo la mwisho alinikaririsha mara tatu ili nisilisahau njiani.

Mimi bado niko kwa Bwana Mrefu, yule Mdachi anayenunua ulanga, yale mawe ya kung'aa ya milimani. Mwaka jana alijiletea pikipiki kutoka kwao. Aliiendesha siku mbili, siku ya tatu ikamtupa katikati ya mkonge, na tangu hapo anayeipanda ni mimi. Kila juma naenda Mlali, pale mlima wetu unapoanzia, na kurudi, mara moja au mara mbili, napeleka barua zake na kuleta sanduku la ulanga nyuma kwenye keria. Watoto wa Mlali wananijua kwa mlio kabla hawajaniona.

Sasa nina mambo mawili. La kwanza ni la kazi. Mpira wa nyuma umeanza kuwa laini juu, michirizi yake inafutika. Bwana Mrefu ana kijitabu kilichokuja na pikipiki, na kijitabu kinasema mpira hudumu kilometa elfu sita, kwa hiyo yeye hataki kusikia neno kabla hazijatimia. Nami nikiteremka ule mteremko wa mtoni nausikia unateleza. Wewe unafanya kazi kwenye karakana. Niambie, mpira hudumu muda gani, na mtu atajuaje kwamba umekwisha?

La pili ni la moyo. Nimepata mchumba, Mjomba. Anaitwa Shamsia, binti wa Mzee Salum wa kule kwetu juu, ambaye unamjua kwa maana mlichunga pamoja. Baba yake ameridhika, lakini kama unavyojua, kwetu neno la kumwoza kijana ni la mjomba wake, na Mzee Salum ni mtu wa kufuata njia. Amesema atatoa mkono wake akiuona wako. Tunafikiria baada ya Idi, wakati wa kiangazi. Njoo, Mjomba. Bila wewe hakuna harusi, na mimi siwezi kuvumilia mwaka mwingine.

Ni mpwa wako,
Rehani


Dar es Salaam, 2 Aprili 1913

Mpwa wangu Rehani,

Marahaba, na salamu nyingi kwako na kwa Dada Mwaisha, mama yako. Mwambie nimesikia habari ya mbuzi na nimesikia habari ya mwaka wa nne. Mimi sijambo. Mji umejaa jasho na mvua, kuta zinaota ukungu, lakini tunakula na tunalala.

Shamsia wa Salum. Mzee wake tulipokuwa wadogo alinisukuma mtoni nikiwa na nguo mpya, na hajaniomba radhi mpaka leo. Mwambie nimemsamehe kwa sababu ya binti.

Sasa tuzungumze mpira, maana hapo ndipo penye utamu. Siku hizi Bwana Akbarali, mwenye karakana, ameniweka upande wa mipira. Nakaa kwenye benchi kutwa, naletewa mipira ya baiskeli na ya pikipiki kutoka mji mzima, naziba, nashona, nahukumu. Nimeona mipira mingi kuliko wewe ulivyoona kuku. Hicho kijitabu cha bwana wako kiliandikwa na mtu ambaye barabara ya kwao imesakafiwa. Hakuwahi kuiona kokoto ya Mlali. Zile elfu sita zikate katikati, na hapo bado umemheshimu. Tena mpira wa nyuma ndio unaosukuma na ndio unaobeba mzigo, kwa hiyo huisha mapema. Wa mbele unaweza kuzika wa nyuma wawili.

Lakini usihukumu kwa kilometa peke yake. Chukua njiti ya kiberiti, uitumbukize kwenye mchirizi. Kichwa cha njiti kikizama chote, endelea na safari zako. Kikibaki nje nusu, anza kutafuta mwingine. Ukiona nyuzi za kitambaa cha ndani zinachungulia, shuka hapo hapo ulipo, hata kama ni katikati ya mto, uisukume mpaka nyumbani. Na kila safari ya Mlali, kwenda na kurudi, funga fundo kwenye kamba. Kwa kuwa ni kama kilometa hamsini, mafundo sitini yakitimia hutahitaji kijitabu.

Kwa bahati Bwana Akbarali alikuwa na mpira mpya wa kipimo chenu, ulioagizwa na mtu ambaye alihama kabla haujafika. Amenipa, nami nakutumia wewe. Anauleta huyu kijana Alois, mshika breki wa gari la moshi, tumejuana muda mrefu. Utumie huo wa zamani mpaka uishe kabisa, huu mpya utunze vizuri.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi. Tutaona.

Mjomba wako,
Dadi


Morogoro, 1 Juni 1913

Mjomba wangu, shikamoo.

Usinihesabie uzembe. Mvua ziliharibu njia ya reli, magari yakasimama, nami nilipoandika barua ya kwanza ikalowa mfukoni mwa mtu. Hii ni ya pili. Sote wazima. Mama alipatwa na kikohozi akapona. Mahindi yamevunwa, na mengine mazuri yameshachaguliwa kuwa mbegu.

Mpira ulifika, na sijui nikushukuru vipi. Niliufungua mbele ya Mama, aliyekuwa amenitembelea mjini, akaunusa, akaupigapiga kama mtu anayenunua ngoma, akauliza umetoka wapi. Nilipomwambia umepita bahari mbili kuja kwetu, alisema kitu cha namna hiyo hakiwezi kulala Morogoro kwenye chumba changu chenye panya na wapangaji. Akaubeba mwenyewe kichwani mpaka kule juu. Ameuhifadhi mahali pema kabisa, panapokaa vitu vyenye thamani vya nyumba yetu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nimefunga mafundo. Nilianza kwa kukadiria safari zilizopita, na sasa kamba ina mafundo arobaini na mawili. Njiti ya kiberiti inabaki nje nusu. Nimempelekea Bwana Mrefu njiti na mpira aone mwenyewe. Alipiga magoti kwenye vumbi na kuingiza njiti mara nne, kisha akaenda kukaa na kijitabu chake. Nadhani kimemuumiza.

Alois alipouleta mpira alikaa nami usiku ule mpaka gari liliporudi. Ni mtu mzuri. Tulizungumza mengi.

Nina swali jingine la mpira. Nikipakia mtu mzima nyuma, si sanduku la ulanga bali mtu mwenye uzito wake kamili, mpira utapungukiwa kiasi gani? Utahimili kutoka stesheni mpaka Mlali? Nimeanza kutengeneza kiti kidogo juu ya keria, na Mama amenishonea mto wa sufi.

Na lile jambo, Mjomba. Umeandika "tutaona." Mzee Salum ananiuliza kila nikipanda. Ninamwambia unakuja.

Rehani


Dar es Salaam, 20 Juni 1913

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba kikohozi kimemwacha Dada. Mimi sijambo. Tumepata dagaa wengi mwezi huu.

Rehani, nimesoma habari ya kiti na mto wa sufi, na nitasema kama mjomba. Mchumba hapakiwi kwenye pikipiki kabla ya ndoa. Najua ujana una haraka. Lakini fikiria Salum amesimama Mlali, kisha anamwona binti yake anakuja kwa vumbi na moshi, amemshika kijana kiunoni. Atakusukuma mtoni kama alivyonisukuma mimi, na safari hii nitamuunga mkono. Subiri uoe, kisha mzunguke mlima wote mkitaka.

Kwa kuwa umeuliza, nitajibu. Mtu mzima nyuma huula mpira kama robo ya umri wake, ikiwa umeujaza upepo vizuri. Ukiwa umepwaya atakula nusu, maana ubavu wa mpira unakunjika kila ukizunguka na nyuzi za ndani zinakatika bila wewe kuona. Kabla hujapakia mtu, ubonyeze kwa kidole gumba. Ukikubali kidole, ongeza upepo.

Sasa nina hofu moja. Umeandika Mama yako ameuweka mpira "mahali panapokaa vitu vyenye thamani." Mimi nilizaliwa katika nyumba ile. Vitu vyenye thamani katika nyumba ile hukaa mahali pamoja tu, napo ni darini, juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu, ili moshi uwafukuze wadudu. Dada aliweka huko hata shela ya harusi yake, nayo inanuka moshi mpaka leo. Niambie kwamba mpira hauko darini. Mpira si mbegu. Wadudu hawautaki. Adui zake ni jua, mafuta na joto, na joto la jiko linaupika taratibu, unakauka, unapasuka ubavuni kama kisigino cha mtu wa kiangazi. Tena hata ukikaa tu bila kutumika, unazeeka wenyewe. Chini ya kitanda, mahali pa baridi na giza, ndipo pake. Ni kosa langu, sikukuambia. Ningepaswa kuijua nyumba yangu.

Kuhusu harusi nimefikiria hivi. Nitaandika barua ya idhini, kwa mwandiko mzuri, niweke na kidole changu kwa wino, isomwe mbele ya wazee. Itakuwa sawa na mimi kuwapo. Kazi haziniruhusu.

Mjomba wako,
Dadi


Morogoro, 3 Agosti 1913

Mjomba, shikamoo.

Kesho tunaanza kufunga tukijaliwa mwezi uonekane. Nakutakia mfungo mwema. Wote wazima.

Naandika kwa ufupi kwa sababu Alois anasubiri, gari linaondoka.

Nilimpelekea Mzee Salum wazo lako la barua ya idhini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitilia maji ya kunywa, kisha akasema, "Mwambie Dadi karatasi siwezi kuipa mkono. Nataka mkono wake, hata akija amekasirika." Hakuwa mkali. Lakini hatabadilika, na mimi ninaona kwamba hata kama angekubali, nisingependa kuoa mbele ya karatasi.

Siku ni Jumamosi, tarehe ishirini Septemba, mfungo mosi. Kila mtu ameshaambiwa. Shamsia anasuka mkeka na kila nikimwona ananiuliza mjomba wako anapenda kula nini.

Mafundo ni sitini na mawili. Juzi niliziona nyuzi za kitambaa upande mmoja, karibu na valvu. Nilishuka kama ulivyosema nikaisukuma, kutoka karibu na Mlali mpaka Morogoro, siku nzima. Bwana Mrefu ameniruhusu kuitumia pikipiki siku ya harusi, lakini amesema si kwa mpira huo. Yeye mwenyewe ameagiza mwingine kwao, na utakuja Disemba.

Mpwa wako,
Rehani


Dar es Salaam, 17 Agosti 1913

Rehani, mpwa wangu,

Nimefuturu, watu wameondoka, nami nimebaki na barua yako. Salamu ni zile zile. Nitaingia moja kwa moja.

Nilikuuliza kama mpira uko darini, nawe umeniandikia ukurasa mzima juu ya maji ya kunywa na mkeka bila kugusa neno hilo. Ungekuwa chini ya kitanda ungeniambia. Na kama ungekuwa mzima usingeisukuma pikipiki siku nzima ukiwa na mpira mpya nyumbani. Kwa hiyo najua umepasuka. Unamficha mama yako asiaibike, na kwa hilo nakupenda zaidi. Sitamwambia.

Na kwa kuwa nimekushika wewe, ni haki na mimi nijishike mwenyewe. Hukuniuliza kwa nini fundi wa injini amekuwa mziba mipira. Miaka mitatu iliyopita gari liliteleza kwenye magogo tulipokuwa chini yake, likaniangukia gotini. Walinitibu, nikapona, ila mguu wa kulia haukunjiki tena. Umenyooka kama mwiko. Bwana Akbarali hakunifukuza, alinipa benchi. Ndiyo maana naijua mipira hivi, Rehani. Ni kazi ya kukaa.

Sikuwaambia. Niliondoka kule juu nikiwa mtu wa kupanda na gunia la chumvi begani bila kupumzika, na Dada Mwaisha alikuwa akijisifia mimi kwa majirani. Kila mwaka nilisema mwakani mguu utakuwa afadhali. Kutoka Mlali mpaka nyumbani ni nusu siku ya kupanda kwa mtu mwenye magoti mawili. Kwangu mimi sijui ni siku ngapi, na nimeogopa kujua. Naona haya, hilo ndilo jina lake. Kazi si nyingi hivyo.

Bwana Akbarali amenitafutia mpira mwingine. Safari hii simpi Alois. Nitauleta mwenyewe, nimeukumbatia, ili usipite kwenye jiko la mtu yeyote. Nitafika stesheni ya Morogoro tarehe kumi na nane Septemba. Mwombe Mzee Salum, kwa hisani yake, ashuke mpaka stesheni nimpe mkono pale pale, kisha nirudi na gari la kesho yake. Ninyi mpande mkafanye sherehe yenu. Ni hilo tu ninaloweza.

Dadi


Morogoro, 27 Agosti 1913

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mara ya mwisho niliisoma kwa sauti, na mwenye kusikiliza alikuwa Mama, kwa hiyo nisamehe, maana hakuna tena cha kuficha upande wowote.

Nianze na la kwangu. Mpira ulikuwa darini. Nilipanda Julai baada ya barua yako nikaukuta umetundikwa juu ya moto kati ya mashuke ya mahindi, mweusi kwa masizi, umepasuka ubavu wote. Juu, penye michirizi, ni mpya kabisa, haujagusa hata jiwe moja. Mama alikuwa akiwaonyesha wageni. Sikuweza kumwambia, Mjomba. Nilisema ni mzuri, nikatoka nje.

La pili ni lako. Habari ya mguu niliijua tangu Aprili. Alois hakujua kwamba hatujui, akaniuliza tu kama mguu wa mjomba wangu unasumbua wakati wa baridi. Nilisubiri uniambie mwenyewe kwa sababu nilijua unasubiri kitu. Sasa rudi kwenye barua yangu ya Juni uangalie. Kile kiti, ule mto wa sufi, yule mtu mzima mwenye uzito wake kamili. Ulinigombeza juu ya Shamsia nami nikakuacha. Shamsia hajawahi kuisogelea pikipiki, anaiogopa. Kiti ni chako. Nimekitengenezea na kibao cha kuegemeza mguu, umenyooka mbele, na nimekwenda nacho mpaka Mlali nikiwa nimepakia gunia la mchanga lenye uzito wa mtu. Ndiyo maana mafundo yalikwenda mbio.

Mama alipomaliza kusikia, alilia kidogo kwa ajili ya goti, kisha akanitukana kwa ajili ya mpira, kisha akakutukana wewe kwa miaka minne. Halafu akasema, "Kama kaka yangu hawezi kupanda, harusi ina miguu, itashuka." Alikwenda kwa Mzee Salum jioni ile ile. Imekubaliwa. Tunaolea Mlali, kwenye uwanja wa ndugu yake Salum. Wanawake wote wa kule juu wanashuka na vyungu vyao. Hujaachiwa nafasi ya kukataa.

Njoo na mpira. Nitaufunga pale pale stesheni mbele yako, uhukumu. Na kofia yako uifunge kwa kitambaa, maana upepo ni mwingi.

Mpwa wako,
Rehani


Nyumbani, 2 Oktoba 1913

Kwa mpwa wangu Rehani, Morogoro.

Salamu kwako na kwa mke wako Shamsia. Natumaini amezoea kelele za mjini, na natumaini ule mto wa sufi sasa una mwenyewe mwingine. Huku sote ni wazima. Yule mwana wa mbuzi mwekundu amekua jike la haja.

Soma tena mahali nilipoandikia juu. Sijakosea.

Tulikubaliana nibaki Mlali baada ya harusi, uje Jumapili hii kunichukua, nami niwahi gari la moshi. Usije. Au njoo, ila upande. Nikueleze ilivyokuwa.

Siku ya pili baada ya ninyi kuondoka, Dada alikuja pale nilipokuwa nimekaa kwa ndugu yake Salum, amebeba kitu ndani ya kanga. Alikifungua mbele yangu. Ulikuwa ni ule mpira. Aliubeba kutoka juu siku ya harusi, akaona haya kuutoa mbele ya watu, akaulalia siku mbili. Akasema, "Nimekuharibia kitu chako." Nikamwambia nami nimemharibia miaka minne, kwa hiyo tusidaiane. Tukacheka mpaka Salum akaja kuuliza kuna nini. Nilimwonyesha mpira, nikamwelezea kwamba ubavu ndio umekufa, juu bado ni mpya. Unajua siwezi kuuona mpira nikanyamaza.

Asubuhi yake nilipoamka fimbo yangu ya kutembelea haikuwapo. Dada alikuwa uani na kisu cha kuchinjia. Alikata kipande pale juu penye michirizi, akakikunja kwenye ncha ya fimbo, akakikaza kwa kamba na misumari midogo ya Salum. Akanirudishia. Niliikita kwenye jiwe lenye maji, ikashika. Nikaikita kwenye udongo telezi, ikashika. Miaka mitatu fimbo ile ilikuwa ikinitoroka kwenye kila mahali penye unyevu, ndiyo iliyonifanya niuogope mlima kuliko mguu wenyewe. Mimi, mtu wa benchi la mipira, sikuwahi kufikiria jambo hilo.

Nikamwambia Dada twende tujaribu mpaka mtoni. Tulipofika mtoni nikamwambia mpaka kwa yule jamaa mwenye migomba. Tukalala kwake. Kesho yake tulikwenda kidogo, tukalala tena kwa watu, wakatupikia. Salum alikuwa nyuma yangu muda wote, anasema ameniona nikianguka mtoni mara moja na hataki ya pili, na hapo hatimaye akaniomba radhi ya ile nguo mpya. Siku ya tatu mchana niliona paa la nyumba yetu. Nililia, Rehani, naandika bila haya. Nilikaa kwenye jiwe pale njia panda nikalia kwanza, ndipo nikaingia.

Nimemwandikia Bwana Akbarali nimwombe mwezi mmoja. Amezoea kusubiri mipira kutoka Ulaya, ataweza kunisubiri mimi.

Sasa naandika nikiwa jikoni kwa sababu nje kuna ukungu. Mpira wa fimbo nimeupima kwa njiti ya kiberiti, kichwa kimezama chote. Uliniuliza mpira hudumu muda gani. Huu sina kijitabu chake, nitafunga mafundo nikujulishe. Nikiinua macho nauona uliobaki, Dada ameutundika tena darini pale pale, kati ya mahindi ya mbegu. Nimemwambia tangu jana auhamishie chini ya kitanda. Anasema huo ni wa fimbo zangu za mwakani na miaka ijayo, na vitu vya namna hiyo nyumba hii inajua pa kuviweka.

Nimemwacha.

Mjomba wako,
Dadi